Msiache mtu mmoja awalipie nyumba ya chama

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ruashi alinipigia simu kwa furaha. "Mama, tumepata mtu. Amekubali kutulipia ofisi mwaka mzima. Jumatatu anatupa ufunguo." Nilimpongeza kwa juhudi yao, kisha nikamwomba wasiupokee ufunguo huo kwanza. Nilianza kumweleza sababu, yunite za simu zikaisha katikati. Naandika hapa yale ambayo hakuyasikia, maana najua hayuko peke yake. Katika komini (wilaya za mji) zote saba za Lubumbashi, mji wetu hapa Kongo, kuna vijana wanaofungua matawi ya vyama vya siasa sasa hivi, na wengi wanaanzia pale pale tulipoanzia sisi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kumi nimekuwa mweka hazina wa tawi letu, komini ya Katuba. Chama chetu kinajiita cha mrengo wa kati. Jina lake naliacha, kwa sababu ninachosema kingeweza kutokea chama chochote.

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa kando ya lami. Ukuta ulipakwa rangi za chama, bendera juu, viti vya plastiki hamsini, na jenereta kwa siku ambazo umeme umekatika. Yote yalitoka mfukoni mwa mgombea wetu, mtu mkarimu, na simsemi vibaya. Mkutano ukiisha kila mtu anapewa pesa ya transpo, yaani nauli, anarudi nyumbani. Hakuna aliyeombwa kotizasyo, mchango wa mwanachama, hata mara moja. Mimi niliitwa mweka hazina lakini hazina yenyewe sikuwahi kuiona. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina. Niliandika zaidi ya mia sita, kwa mkono, katika daftari kubwa lenye jalada jeusi.

Uchaguzi ukaja, mgombea akashindwa. Wiki chache baadaye nilifika pale asubuhi nikakuta kufuli jipya mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa anadai miezi minne. Tulihangaika miezi miwili kukusanya pesa ya kumtuliza ili atufungulie tutoe vitu vyetu. Masika yalikuwa yameingia na bati moja lilikuwa limeng'oka. Daftari langu lilikuwa sakafuni, limevimba kama mkate ulioanguka kwenye maji. Nilikaa chini nikatenganisha kurasa moja moja kwa kisu cha mezani. Pembeni wino ulikuwa umekimbia wote, umebaki ubluu mtupu. Katikati tu ndipo palisomeka, jina hapa, namba ya simu nusu pale.

Nilichukua majina yaliyosomeka nikaanza kuzunguka, avenyu kwa avenyu. Huko ndiko nilikoumia hasa. Nilipowauliza watu habari za chama, jibu lilikuwa lile lile: "Mama, si kilifungwa?" Walipita pale wakaona kufuli, wakajua chama kimekwisha. Wengine walikuwa wamekwenda kwa mwingine mwenye nyumba na transpo, na sikuweza kuwalaumu. Sisi ndio tuliowafundisha kwamba chama ni mahali pa kupokea.

Tulianza upya watu kumi na saba. Tulipanga chumba kimoja chenye veranda, nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, mbali na lami. Kila mwanachama franga elfu moja kwa mwezi. Nilinunua kitabu cha risiti chenye namba na karatasi ya karbone, na tangu siku ile hakuna franga iliyoingia bila risiti, hata ya mwenyekiti. Kila mwisho wa mwezi hesabu inabandikwa ukutani: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Kutoa pesa kunahitaji sahihi mbili, yangu na ya mtu mwingine asiye wa ukoo wangu.

Mwezi wetu wa tatu tulinunua bendera mpya. Katika mkutano papa mmoja, mzee anayeuza makaa, alisimama na risiti zake tatu mkononi. Hakuwa amewahi kusema neno mbele za watu. Akauliza kwa nini tumenunua bendera wakati mlango hauna komeo, na daftari la kwanza tulishalipoteza. Chumba kilinyamaza. Mwenyekiti akasema, "Papa, uko na haki." Kesho yake tukanunua komeo. Kwa miaka yote ya ofisi ya lami sikuwahi kusikia mtu akiuliza swali kama lile. Nani angeuliza, na kwa pesa ya nani?

Sheria ya Machi 15, 2004 inayosimamia vyama vya siasa inataja michango ya wanachama kati ya mapato halali ya chama, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia mnakusanya kinyume cha sheria. Ipo pia sheria ya 2008 juu ya pesa za serikali kwa vyama. Msipange bajeti ya tawi kwa kuitegemea. Kodi ya chumba inadaiwa kila mwezi.

Sasa neno "kati", maana hapo ndipo vijana wananiuliza zaidi.

Chama cha kati kina shida yake katika mji wetu. Hakina hasira ya kuwaunganisha watu haraka. Gundi ya haraka hapa tunaijua sote: ni kuuliza mtu ametoka wapi. Mimi nilikuwa msichana mwaka 1992, majirani wenye asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa hapa kwetu Katanga. Watu walilala siku na siku kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari-moshi la kuwapeleka Kasai, na wengi wao walikuwa wamezaliwa huku huku. Rafiki yangu wa dawati moja aliondoka hivyo. Sheria ile ya 2004 inakataza chama kujitambulisha kwa kabila, lakini sheria haiji kukaa nanyi kwenye kikao cha kugawa vyeo. Nyinyi ndio mtakaokaa. Angalieni kamati yenu: kama mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote wanaweza kuteta kwa lugha moja ambayo wengine hawaisikii, vunjeni mpange upya leo. Na mwanachama akifiwa, nendeni kwenye kilio pamoja, hata kama desturi zao hamzijui. Kaeni chini, mchangie, mlale kama wanalala. Mtu hawezi kusahau nani alikuja kwenye kilio chake.

Lakini msidhani kuwa kati maana yake ni kunyamaza. Tulikosea hapo vibaya. Bukari (ugali) tunayokula inategemea sana mahindi na unga wa Zambia, unaopitia mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikifunga mauzo ya nje, mfuko wa kilo 25 unapanda hapa ndani ya siku chache. Wakati mmoja bei ilipopanda hivyo, wanachama walikuja wakauliza: chama kinasema nini? Tulingoja neno la makao makuu Kinshasa. Baada ya wiki sita lilifika tangazo refu juu ya taasisi za Jamhuri, halina hata mstari mmoja juu ya unga. Mama mmoja wa soko la Kenya, komini ya hapa mjini, alinirudishia kadi yake ya chama. Hakunigombeza. Aliiweka mezani akasema, "Mwalimu, watoto wangu hawali tangazo." Bado ninayo kadi ile.

Bei ilipopanda tena hatukungoja mtu. Wanachama walipita masoko matatu kwa siku tano, kila mmoja akaandika bei ya mfuko na bei ya kopo. Tukatengeneza karatasi moja: bei hizi hapa, tunaomba malori ya unga yasicheleweshwe mpakani, tunaomba bei halali ibandikwe sokoni. Tukaipeleka ofisi ya komini na ya mji, kisha tukaisoma kwa Kiswahili sokoni. Nisiwadanganye, karatasi yetu haikushusha bei. Bei ilishuka mifuko ilipoingia. Lakini mwezi ule risiti zangu zilipita mia moja kwa mara ya kwanza, na yule mama wa Kenya alikuja akaomba kadi nyingine. Kuwa kati kwangu ni huko: kusema jambo lenye hesabu ambalo mfanyabiashara na mnunuzi wote wanaweza kulisoma bila kutukanwa.

Mkitaka kukutana mahali pa wazi, someni kifungu cha 26 cha Katiba. Kinataka mwarifu utawala kwa maandishi. Kuarifu, si kuomba. Pelekeni barua mapema, kopi mbili, na msiondoke kabla kopi yenu haijapigwa muhuri wa kupokelewa. Mkiitwa kwenda kueleza, nendeni watu watatu, mvae vizuri, mwongee kwa heshima, kopi ikiwa mkononi.

Juu ya uchaguzi nina machache. Kura za vyama vidogo hupotea kwa sababu ya kizingiti, kiwango cha kura ambacho chama kisipokifikia hakipati kiti: asilimia 1 nchi nzima kwa bunge la taifa, asilimia 3 katika jimbo kwa bunge la jimbo. Ndiyo maana vyama huingia katika miungano. Mkiingia, makubaliano yaandikwe, na tawi lipewe kopi. Na mashahidi wa vituo vya kura wawe wanachama wanaolipa, msiwaokote asubuhi ile kwa pesa ya chakula. Siku ya uchaguzi, Desemba 20, 2023, shahidi wetu mmoja, fundi cherehani tuliyepanga nyuma ya kibanda chake, alikaa kituoni hadi usiku wa manane, akanakili matokeo yote kwa mwanga wa simu, akarudi na karatasi imefungwa ndani ya kitenge kiunoni. Aliinyoosha juu ya meza yake ya kushonea, akanionyesha sahihi moja moja. Hatukushinda kituo kile. Lakini tulijua tuna kura ngapi, na tangu siku ile tunajua ni avenyu zipi za kurudia.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Ruashi, huyo mtu aliyejitolea msimkatalie mkono. Mwambieni asante, awe mwanachama, alipe kotizasyo kama wengine, na akitaka kuongeza anunue viti, kwa risiti, viandikwe kwamba ni mali ya tawi. Kodi ya nyumba tu ndiyo asiiguse. Kama hamuwezi kulipa nyumba ya lami, kaeni kwenye veranda ya mmoja wenu mpaka mtakapoweza.

Nimekununulia kitabu cha risiti na karbone. Pita Jumamosi mchana, niko nyumbani. Ya kwanza andika jina lako mwenyewe.