Risasi kwenye maji ya shule: uliza mashine ya maabara inaanza kusoma wapi

Ndugu, umeuliza kama cheti cha maji cha shule yenu hapo Kondele kinatosha kumjibu mzazi aliyezusha habari ya madini ya risasi kwenye mkutano. Kisome tena. Vyeti vingi tunavyopewa Kisumu ni vya vijidudu, maana tunaogopa kipindupindu na tuna sababu. Risasi haipimwi mpaka uiombe na uilipie.

Nimo kwenye kamati ya shule moja upande wa Nyalenda na jambo hili tumelipitia. Maji yatoke kwenye mtambo wa kusafishia maji wa Dunga au wa Kajulu, mara nyingi risasi huingilia ndani ya ua wa shule: mifereji ile ya shaba ya manjano, mabomba ya chuma ya zamani, viungo alivyochomelea fundi. Maji yakilala humo usiku kucha huinyonya risasi. Kwa hiyo unachota ya kwanza asubuhi, bila kuyamwaga hata kidogo, halafu unaacha yatiririke nusu dakika na kuchota chupa ya pili. Ya kwanza ikizidi kikomo cha risasi na ya pili iwe safi, shida ni mfereji. Zote zikizidi, fuata bomba. Chupa zitoke maabara.

Kazi ni kuulinda mfereji usiku. Mpishi wetu huteka maji ya uji kabla hakujapambazuka, basi tulimwomba ajaze sufuria jioni, na mfereji tukaufunga kwa waya ili hata mlinzi asinawie hapo.

Sasa sikiliza hapa. Majibu yetu ya kwanza yalisema "haikuonekana", mwalimu mkuu akafurahi sana. Nikapiga simu kuuliza mashine yao inaanza kusoma wapi. Miligramu 0.05 kwa lita! Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 0.01. Yaani maji yetu yangekuwa na mara nne ya kikomo, na karatasi ingesema vilevile. Tukapeleka chupa kwingine, wanakosoma chini ya hapo, na mfereji ulio karibu na ofisi ukapatikana umezidi. Swali hilo liulizeni kabla ya kulipa, na jibu walitoe kwa maandishi.

Kuchemsha hakuondoi risasi, wala dawa ya klorini. Anayetaja sumu ya risasi ya mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa mweleze kwamba sumu ile ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, si kwenye mabomba, ila madhara kwa ubongo wa mtoto ni yaleyale.

Pesa zikiwa chache, anzeni na mfereji wa jikoni na ule wa watoto wa chekechea. Wa kuoshea vyoo uacheni. Sisi ule wa ofisini tuliubandika "USINYWE", fundi akaubadilisha, na karatasi ikabaki pale mpaka majibu ya kipimo cha marudio yalipokuja.