Mshairi aliyelificha jina la mke wa mtu ndani ya beti: je, ni shahidi wa mapenzi?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mtunzi wa mashairi na kaswida, naishi Dodoma mjini. Mwaka wa nne huu kila ninachotunga kinatokana na mwanamke mmoja anayeuza vitenge sokoni, naye ni mke wa mtu. Sijamgusa hata mkono. Nina shairi la beti saba ambalo herufi za mwanzo za beti zinatoa jina lake. Limesambaa kwenye simu, na mumewe ameshalisoma. Mke wangu nilimrudisha kwao Kondoa miezi minne iliyopita ili nipate utulivu wa kutunga, na shamba la zabibu kule Mpunguzi sikulipogoa msimu mzima. Wenzangu wananiambia mwenye kupenda, akajizuia, akaficha, akafa, huyo ni shahidi, na kwamba mshairi Kaab bin Zuhair alimsifu mwanamke aitwaye Suad mbele ya Mtume (s.a.w.). Bila mwanamke huyo wa vitenge siwezi kutunga. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Nimelitanguliza swali hili kwa ajili ya yule mama wa vitenge, ambaye hakuomba kusifiwa na sasa anaulizwa nyumbani kwake kuhusu beti ambazo hakuzitunga.

Hiyo hadithi ya "shahidi wa mapenzi" haikuthibiti kwa Mtume (s.a.w.). Mwanazuoni Ibn al-Qayyim ameikataa katika kitabu chake Zad al-Maad, akafika kusema kwamba hata isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ingeng'aa kama jua, ingekuwa kosa. Mashahidi wasiokufa vitani wametajwa katika hadithi sahihi: aliyekufa kwa tauni, kwa maji, kwa kuangukiwa na ukuta, kwa maradhi ya tumbo. Mgonjwa wa mahaba hayumo. Na hata wanaoitegemea wanasoma ndani yake neno "akaficha". Wewe umeficha nini, ndugu yangu? Jina ulilolipanga herufi kwa herufi juu ya beti saba umelitangaza, tena kwa ufundi unaomfanya msomaji afurahi kulifumbua.

Ama Kaab, ni kweli alisoma kaswida yake mbele ya Mtume, na mwanzo wake unamtaja Suad. Huo ulikuwa mtindo wa washairi wa Kiarabu kufungua kaswida, na wapo wanazuoni waliosema Suad alikuwa mkewe. Hakuna mume aliyeamka Madina akakuta mkewe anasomwa vibarazani. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii, ameruhusu kutunga na kusoma mashairi, isipokuwa yenye kashfa, uchafu, au kumgusia mwanamke maalumu. Zingatia neno kugusia: fumbo nalo limeingia. Kwa hiyo kutunga kwako ni halali, na shairi hilo ni haramu.

Maumivu yako siyadharau. Mughith, baada ya kutengana na mkewe Barira, alikuwa akimfuata katika njia za Madina, analia, machozi yakichirizika kwenye ndevu. Mtume (s.a.w.) hakumkemea, alimwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza, "Unaniamuru?" Akasema, "Naombea tu." Barira akajibu kwamba hana haja naye, na jambo likaishia hapo. Huyo alikuwa mumewe wa zamani, mlango wa halali ulikuwa wazi. Wako umefungwa, na dawa aliyoitaja Ibn al-Qayyim kwa hali hiyo ni kuikatia nafsi tamaa moja kwa moja.

Tamaa haikatiki huku kamba zake zipo. Futa sauti na maandishi yote, na kila uliyemtumia shairi mwombe alifute. Kupangua beti hakutoshi, maana walioligundua jina wanalijua. Acha kupita sokoni upande wake. Usimwandikie kumwomba radhi! Hapo ndipo wengi huanguka upya, kwa sababu barua ya toba inageuka shairi la nane. Tuma mzee mwenye busara kwa mumewe, aseme wazi kwamba mkewe hana kosa wala hakujua. Ulikolisoma mbele za watu, huko huko kanusha.

Kwamba huwezi kutunga bila yeye, sikubali. Mizani na vina ulivijua kabla hujamwona. Chukua tungo zako kumi za mwisho uzipange mezani: utakuta vina vilevile na kituo kilekile, kipaji kimekaa kitako mahali pamoja miaka minne.

Mkeo ulimwondoa wewe, basi matunzo yake hayakuanguka. Kwetu Mashafii kiwango ni kibaba kimoja cha chakula kwa siku kwa asiye na uwezo, kimoja na nusu kwa wa kati, viwili kwa mwenye nafasi, na kisipotolewa ni deni. Wewe mwenye shamba nakuhesabu wa kati: siku 120 ni vibaba 180, yaani pishi 45 (pishi ni vibaba vinne), mbali na mavazi. Mpelekee hilo kwanza, nafaka au thamani yake mkikubaliana, ndipo uzungumzie kurudi. Akikataa kurudi mara ya kwanza, usimtungie kitu. Rudi Mpunguzi ukapogoe, kisha nenda Kondoa tena.

Wallahu aalam.