Usilisafishe hilo boksi la Leichner, mkuu

Mkuu umeuliza kama hilo boksi la Leichner, la vijiti vya rangi za uso za waigizaji, ulilolipata mnadani London ulisafishe kwanza ndo uuze, na kama vijiti vilivyobaki bado vinapakika. Usisafishe, na usijipake. Mi nakusanya hivi vitu mwaka wa nane sasa na upuuzi wote huo nshaufanya.

Kijiti changu cha kwanza kilikuwa namba 5, karatasi yake ya dhahabu imejaa mafuta na vumbi, nikachukua kitambaa na maji ya moto, dakika mbili tu maandishi yameondoka nimebaki na kipande cha mafuta magumu hakina jina wala namba. Na jina ndo bei yenyewe. Leichner alikuwa mwimbaji wa opera Ujerumani, kampuni kaianzisha Berlin 1873, akauza rangi za mafuta zisizo na madini ya risasi, maana zile nyeupe za kabla yake zilikuwa nayo, mtu anajipaka sumu kila jioni halafu anaenda kuchekesha watu. Waingereza wakazizoea mpaka ukisema "tano na tisa" kila mwigizaji anakuelewa. Namba 5 ya rangi ya pembe za ndovu, namba 9 nyekundu ya tofali, unachora mistari ya zote mbili usoni unasugua kwa vidole mpaka zikae rangi ya ngozi (ngozi yao lakini, sisi hatukuwa kwenye hesabu).

Kwa hiyo ukikuta 5 na 9 zimebaki vipande na zingine nzima usisikitike, hapo umepata boksi la mtu aliyekuwa kazini kweli, mi nalinunua kabla ya lile jipya lisiloguswa. Ninalolipenda kuliko yote ni boksi la sigara, ndani kuna kisufuria kidogo kimeungua chini, muuzaji alitaka kukitupa, kumbe waigizaji walikuwa wanayeyushia rangi nyeusi juu ya mshumaa, wanachovya njiti ya kiberiti wanaweka tone kwenye ncha za kope ili macho yaonekane mpaka viti vya nyuma kabisa!

Ukikutana na kopo la masizi ya vizibo vilivyochomwa, hayo ndo Wazungu walijipaka weusi kutudhihaki jukwaani. Ninalo moja, siliuzi, na siliweki kabatini mgeni alione.

Halafu joto. Nlibeba vijiti vinne kwenda navyo Dar Desemba kumwonyesha shangazi, nikavisahau kwenye dashibodi ya gari, aisee. Weka sehemu kavu yenye ubaridi, vilale, visigusane.

Piga picha kila namba utuwekee hapa. Na kama humo kuna Carmine 2, ile nyekundu ya midomo na ya kile kinukta cha kona ya jicho, nistue kabla hujaipeleka eBay.