Mkaa wa vifuu unarudisha mawimbi: niongeze mkaa?

Swali: Nimechoma vifuu vya nazi bila hewa kwenye tanuri la maabara, nyuzi 1000, kwa saa mbili. Nikasaga, nikachekecha, nikachanganya na gundi ya epoksi nusu kwa nusu, nikamimina kibao cha milimita 5 cha kunyonya mawimbi ya maikrowevu. Tulikipima kwa gigahezi 8 hadi 12 kikiwa na bati nyuma, tukapata desibeli −3 tu, yaani nusu ya nguvu ya wimbi ilirudi. Je, niongeze mkaa?

Jibu: Punguza. Mkaa wako umeiva mno. Kifuu kilichochomwa nyuzi 400 au 500, kama mkaa wa jikoni, hakipitishi umeme vizuri. Kwenye nyuzi 1000 kinapitisha, na ukijaza nusu ya kibao, chembe zinagusana kila mahali. Wimbi likipiga hodi linageuzwa mlangoni, na lisipoingia hakuna cha kunyonya.

Anza na robo ya mkaa kwa uzito, kisha linganisha na fungu jingine lililochomwa nyuzi 700. Huna haja ya kukimbilia mashine kubwa kila mara. Jaza unga kwenye bomba la sindano la plastiki, ubane kwa bolti mbili, pima ukinzani wa umeme kati ya bolti hizo kwa mita ya fundi umeme. Bana kwa nguvu ileile kila fungu, la sivyo namba zitakudanganya.

Unene nao umekuponza. Kwenye gigahezi 10, urefu wa wimbi hewani ni milimita 30. Tuseme pemitiviti ya mchanganyiko mpya, yaani kipimo cha jinsi unavyofupisha wimbi, ni 9: ndani ya kibao wimbi linafupika hadi milimita 10 (30 kugawanya kwa 3, kipeuo cha pili cha 9). Robo yake, milimita 2.5, ndiyo inayofanya wimbi linalorudi kutoka kwenye bati lifutane na lile lililorudi usoni. Milimita 5 ni nusu ya wimbi, na hapo hayafutani.

Wala usihangaishwe na zile desibeli −40 utakazoziona kwenye makala za utafiti. −10 maana yake asilimia 90 ya nguvu haikurudi. −20 ni asilimia 99. Nyingi ya hizo namba kubwa hukokotolewa kutokana na pete ndogo ya mkaa na nta, hakuna aliyemimina kibao. Mimi huangalia kwanza upana wa masafa yaliyo chini ya −10.

Kabla ya kuchanganya tena, kausha unga kwa nyuzi 105 usiku kucha, hasa ukiwa pwani. Mkaa huvuta unyevu, na maji nayo hunyonya maikrowevu: utasifu kifuu kwa kazi ya maji.