Mdomo haukupinda, lakini ni kiharusi

Umeandika mama yako yuko Wete, Pemba, kaamka na kisunzi, anatapika, akisimama anayumba. Mdomo haujapinda, mikono ina nguvu, kwa hivyo mwaona si kiharusi, mnangoja Jumatatu. Usingoje! Mie nilingoja, na mama yangu mpaka leo hatembei ila kwa kushika ukuta.

Na yeye mdomo haukupinda. Alikaa jamvini, akanyoosha mkono achukue kikombe cha chai, mkono ukapita pembeni. Akarudia, ukapita tena. Akiinuka anaangukia kushoto, kila mara kushoto. Mwenye duka la dawa, bila hata kumwona, akaniambia "sikio hilo", yaani kisunzi chatoka sikioni, akaniuzia vidonge. Siku nzima ikapotea. Mpaka leo nikimwona damu inanichemka: kilimshinda nini kusema mpelekeni hospitali?

Kesho yake mama akapigwa CT skani, yaani picha ya eksirei ya ndani ya kichwa, tukaambiwa picha safi, rudini nyumbani. Nikafurahi, na hilo ndilo kosa lililonigharimu kuliko yote. CT huonyesha damu iliyovuja papo hapo, lakini mshipa ukiziba, saa za mwanzo picha yaweza isionyeshe kitu, na kisogoni hata baadaye, kwa vile mifupa minene ya pale huichafua. Usiku ule mama akawa haamshiki vizuri. Tukampandisha ndege hadi Dar es Salaam, na MRI, picha ya mashine ya sumaku, ikaonyesha ubongo wa kisogoni, unaoshika mizani ya mwili, sehemu imekufa na imevimba. Uvimbe huo ukikandamiza shina la ubongo, mtu aweza kufa.

Shika hili moja: mtu mzima akipatwa na kisunzi cha ghafla asiweze kutembea bila kushikwa, mhesabu ana kiharusi mpaka daktari athibitishe sicho. Picha safi ya CT haithibitishi. Mwambie daktari amsimamishe, amtembeze, amgusishe pua kwa kidole.

Na andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla hazijapita saa 4 na nusu tangu hapo. Kama alilala mzima saa 4 usiku, hesabu inaanzia hapo, si alipoamka. Aspirini usimpe kabla ya picha. Kama mshipa umepasuka utamzidishia.

Bei ya skani utaiuliza hukohuko. Tafuta gari sasa hivi, na njiani mlaze ubavu asipaliwe na matapishi.