Fundi Anajibu: Nyumba ya Mbao Huanzia Miguuni

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Makambako. Kiinua mgongo changu hakifiki nyumba ya tofali, ila mbao huku kwetu hazina shida. Nataka vyumba viwili na sebule. Majirani wananitisha kwamba mchwa wataimaliza. Fundi niliyempata anasema tuchimbe mashimo, tusimike nguzo, tumwagie zege, tuanze kupigilia. Nimkubalie?
*Mwalimu mstaafu, Makambako*

JIBU: Shikamoo mwalimu. Usimkubalie. Mwombe kwanza achore miguu ya nyumba, kwa sababu nyumba ya mbao hufia miguuni.

Nguzo iliyosimikwa huanza kuoza pale inapotokeza ardhini, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana. Zege linaloizunguka linazidisha tatizo, maana mbao ikisinyaa kidogo panabaki ufa, maji ya mvua yanaingia na hayana pa kutokea. Wajenzi wa makanisa ya mbao kule Norwei waliyaona haya zamani. Makanisa yao ya mwanzo yalisimama juu ya nguzo za kuchimbia, yakaoza chini. Baadaye wakalaza magogo juu ya mawe, nguzo zikasimama juu ya magogo hayo. Kanisa la Urnes, lililojengwa hivyo katika karne ya 12, lipo mpaka leo, na nchi ile ina mvua na theluji kuliko Makambako.

Kwa hiyo jenga vikuta vifupi vya tofali au nguzo fupi za zege, zipande angalau sentimita 45 kutoka ardhini, ili mtu aweze kuinama na tochi akaona chini ya sakafu yote. Juu yake weka DPC, yaani karatasi ya kuzuia unyevu usipande. Juu ya DPC weka bati bapa lililochomoza kama sentimita 5 kila upande, ukingo umekunjwa kuelekea chini. Bati hilo haliui mchwa. Kazi yake ni kuwalazimisha wazunguke nje wakijenga vijia vyao vya udongo mahali peupe, uvione na kuvibomoa. Weka ratiba ya kuchungulia, hasa masika. Boriti za sakafu zinafuata hapo juu, zimefungwa kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege.

Sasa mbao zenyewe. Paini ya huku kwetu, ya msitu wa Sao Hill na ya mashamba ya watu binafsi, inafaa kabisa kwa fremu, lakini mchwa wanaipenda. Nunua iliyotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo. Wapo wauzaji wanaochovya tu mbao kwenye rangi ya kijani, na hili linaniuma, kwa sababu anayelipa ni mtu kama wewe aliyeweka akiba miaka mingi. Mwambie muuzaji akate ubao mmoja katikati, asikate mwishoni, maana mwishoni dawa huingia kirahisi hata kwenye mbao mbovu. Tazama pale palipokatwa. Ukijani ukiwa umezama ndani, ni sawa. Ukiwa umeishia juujuu kwenye ngozi, ondoka. Chukua na futi yako. Mbao nyingi zinazoitwa 2x4, yaani inchi 2 kwa 4, hazifiki vipimo hivyo.

Halafu usizijenge zikiwa mbichi. Paini iliyotoka kupasuliwa au kutiwa dawa imejaa maji, na ikikaukia ukutani inapinda na kulegeza misumari. Zipange kivulini, tabaka kwa tabaka, na vijiti katikati ili upepo upite. Chagua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Kila mahali fundi atakapokata, ncha ile ipakwe dawa upya kabla ya kupigiliwa, maana msumeno umefungua mlango.

Paa lichomoze futi 2 nje ya ukuta, pande zote. Hapo usipunguze hata ukiishiwa. Afadhali silingi bodi isubiri mwakani.

SWALI: Shikamoo fundi. Najifunza kazi hapa Mafinga. Tumesimamisha fremu ya duka kwa 2x4, nafasi ya futi 2, misumari ya inchi 4. Nikiusukuma ukuta kwa mkono, unacheza. Nimeongeza misumari, bado.
*Kijana wa Mafinga*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Misumari haina kosa. Chukua fito nne, zipigilie ziwe mraba, msumari mmoja kila kona, kisha sukuma juu. Mraba unalala. Sasa pigilia fito ya tano kwa mshazari, kona hadi kona, usukume tena. Duka lako linahitaji fito hiyo ya tano.

Kwenye kila ukuta, karibu na kila kona ya jengo, weka ubao wa mshazari kutoka mbao ya chini hadi ya juu, karibu nyuzi 45, umechimbiwa ndani ya nguzo ukae sawa na uso wake. Au vika fremu plaiwudi, misumari kila inchi 6 pembeni na kila inchi 12 katikati. Plaiwudi ina futi 4 kwa 8, ndiyo maana nguzo hupangwa kila inchi 16 au 24, ili kingo zake ziangukie katikati ya nguzo. Ukikosea nafasi mwanzoni utakata kila karatasi.

Mara nyingine funga ukuta ukiwa umelala sakafuni. Pima kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, ukuta uko mraba, pigilia mshazari hapohapo, ndipo muuinue. Juu ya dirisha weka 2x6 mbili zilizounganishwa, zikae juu ya nguzo fupi, zisining'inie kwa misumari. Na kenchi zishikwe kwenye nguzo kwa ukanda wa chuma. Jengo la mbao ni jepesi, upepo hauulizi.

SWALI: Kaka fundi, jirani anajenga kwa mbao za kijani na ananipa mabaki bure. Nayapikia, yanawaka vizuri sana. Kuna ubaya?
*Mama lishe, Njombe*

JIBU: Dada yangu, acha leo hii. Dawa iliyozoeleka kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ikichomwa inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu. Wewe unaivuta na watoto wanaivuta. Majivu uliyonayo usisugulie sufuria wala usiyapeleke bustanini, na vumbi la msumeno lisitandikwe kwenye banda la kuku.

Mwambie jirani yako asikupe tena. Vipande vinavyofika kutoka nguzo hadi nguzo avipigilie kwa mlalo kati ya nguzo za ukuta wake. Vinazuia nguzo zisipinde, na atavihitaji atakapofunga makabati.