Kabla Hujainua Gari la Zamani

Kabla hujaulizia bei ya springi ndefu, tandika gunia, ingia chini ya gari lako na tochi, uangalie bushi, ile mipira ya kwenye viungio vya chini ya gari. Nawaandikia ninyi mnaoanza: wenye Prado za mwaka 1997 na 1998, wenye Hilux za zamani, na wale walioachiwa Land Rover na mzee nyumbani, mnaotamani kuzipeleka Engaruka, Ketumbeine au Simanjiro siku za mapumziko. Nimeendesha watalii kutoka Arusha kwa miaka kumi na saba, na mengi ninayoyajua nimeyapata nikiwa nimelala chini ya gari kuliko nikiwa kwenye usukani.

Gari la zamani linakuja kwako na deni. Bushi zimechanika, boljointi (viungio vya duara vinavyoliacha gurudumu likate kona) zina mchezo, shokapu zinatoa jasho la mafuta, springi za nyuma zimelala. Ukifunga springi mpya ngumu juu ya deni hilo, ule mshtuko uliokuwa unamezwa na springi laini unahamia kwenye bushi na boljointi zilizochoka. Utasikia mgongano ambao hukuwa nao jana, na utadhani springi ni mbovu. Kwa hiyo lipa deni kwanza. Piga jeki, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, anza kuzitazama tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu. Bushi zichokonoe kwa mtaimbo uone kama mpira umeachana na chuma.

Kuna jambo moja kuhusu bushi nataka mlishike sana. Niliwahi kubadilisha bushi zote za mbele kwenye gereji moja, na baada ya safari mbili tu zikawa zimechanika. Nililaumu bushi. Kumbe fundi alikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti, kazi yake ni kujipinda na kurudi. Ukiikaza gari likiwa hewani, likishushwa chini mpira unabaki umejipinda usiku na mchana, na kila shimo linauvuta zaidi. Bolti ziachwe zimelegea kidogo, gari lishushwe, litikiswetikiswe mpaka lijikalie lenyewe, ndipo zikazwe. Siku hizi nasimama pale pale hadi bolti ya mwisho, na fundi mzuri hakasiriki.

Baada ya hapo, pesa ya kwanza ni ya matairi. Vijana wengi wanaanza na springi kwa sababu zinaonekana kwenye picha. Lakini angalieni nyuma ya Prado au Land Rover: difu, lile donge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, imefungwa pamoja na ekseli, na ekseli inakaa kwenye magurudumu. Springi inainua bodi, haiinui difu hata kidogo. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na jiwe la njia ya Ziwa Natron halitafuti bodi yako, linatafuta difu.

Hapo hesabu ni rahisi. Prado za umri huo nyingi zinatembelea 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya tatu ni rimu kwa inchi. Ukienda kwenye 265/75R16, kipenyo kinapanda kutoka milimita 777 hivi hadi 804. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayokwenda chini ya difu, yaani milimita 13. Utaiona ndogo, lakini kwenye mtaro katikati ya njia hiyo 13 ni tofauti ya kupita na kukwaruza. Mshale wa spidi nao utadanganya kidogo: ukisoma 80, unakwenda karibu 83. Kwa anayeanza, ishia hapo. Tairi kubwa zaidi ni zito zaidi. Breki, beringi na usukani ndivyo vinavyolipa, na ukikata kona huku gurudumu moja limepanda jiwe, litakula bodi.

Aina ya tairi ichague kwa njia unayopita kweli. Safari zetu nyingi zinaanza na lami ndefu hadi Makuyuni au Mto wa Mbu, kisha changarawe, kisha vumbi laini kama unga. Kwa njia hiyo tairi la mchanganyiko, lile lenye maandishi AT, linatosha sana. Tairi la matope, MT, lina nafasi yake kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ila kwenye lami iliyolowa linachelewa kusimama, na linanguruma njia nzima. Udongo ule mweusi ukishanata, hata MT inageuka donge la mviringo. Nimekaa Simanjiro tangu saa nane mchana hadi giza nikiwa nayo. Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa hapa Arusha kwa tamasha lao, nilizunguka nikitazama magurudumu tu. Za zamani zilisimama kwenye matairi membamba, na zimeishi kwenye matope yetu miaka yote hiyo. Upana siyo kila kitu, na kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake tairi jembamba linachimba mpaka likapata pa kushika.

Nunua matano ya saizi moja, siyo manne. Prado hizi na Land Rover Defender zinasukuma magurudumu yote manne muda wote. Ukipata pancha ukafunga spea ya kipimo kingine, difu inalazimika kusawazisha tofauti hiyo kila mzunguko wa gurudumu, hadi Arusha. Ukinunua ya mtumba, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira umeshakufa kwa jua. Ukiona nyufa ubavuni, liache hata kama muuzaji anashusha bei. Pancha ya mwiba wa mgunga katikati ya tairi unaiziba mwenyewe njiani kwa dakika kumi. Ubavu uliokatwa na jiwe la volkano hauzibiki kwa usalama.

Sasa upepo. Kama nina lolote la kuwaachia, ni hili, maana halihitaji fundi na watu wengi hawalifanyi. Prado yangu ikiwa na watu wanne na mizigo, kwenye lami naipa psi 34 (psi ni kipimo cha upepo unachokisoma kwenye geji). Nikiacha lami pale Mto wa Mbu nashusha hadi 26. Kwenye mchanga mzito wa korongo naweza kushuka hadi 18. Tairi lenye upepo mdogo linarefuka pale linapogusa ardhi, linakumbatia jiwe badala ya kutobolewa nalo, na ile barabara iliyojikunja kama bati inamezwa na mpira kabla haijafika kwenye shokapu. Masharti yake ni mawili. La kwanza ni mwendo: kwenye 26 sivuki kilomita 60 kwa saa, kwenye 18 ni mwendo wa mtu anayekimbia na sikati kona ya ghafla, kwa sababu ubavu unapata moto na tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. La pili, kama huna kompresa ndogo ya betri na geji yako mwenyewe, usishushe, kwa sababu lazima ujaze kabla ya kurudi kwenye lami. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Mchana kipimo kitapanda chenyewe, usiupunguze ule upepo wa moto ukidhani umezidi.

Springi zije nafasi ya tatu, na swali lake ni uzito. Unabeba nini kila siku, siyo siku moja kwa mwaka? Mimi niliwahi kufunga springi za nyuma za mzigo mzito, halafu wiki nzima nikaendesha gari tupu mjini. Liliruka kama mbuzi. Kwenye changarawe gari lilichelewa kusimama, kwa sababu tairi lililo hewani halifungi breki. Nilizitoa baada ya miezi miwili. Kama gari lako ni la familia na hema moja, chukua springi za uzito wa kati zinazoinua milimita 40 hadi 50, usizidi. Mbele ya Prado kila gurudumu linajitegemea. Ukiinua zaidi, sivi jointi, vile viungio vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, vumbi linaingia grisi. Vile vipande vya kupachika juu ya springi ili gari lipande kwa bei rahisi, viacheni. Shokapu inabaki na urefu ule ule, ikifika mwisho wake inagonga.

Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, uandike. Kipimo hicho hakibadiliki hata ukibadili tairi, na ndicho kitakachokuonyesha gari limepanda kiasi gani kweli. Mwenye springi za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, aangalie senta bolti inayoshika majani pamoja na yuboliti, zile bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli. Akiongeza jani, yuboliti zikazwe tena baada ya siku chache za barabara mbaya. Shako (vile vipande vinavyoshika ncha ya springi) zikiwa ndefu zinageuza pembe ya ekseli na usukani unaanza kutangatanga kwenye lami.

Shokapu zinunuliwe pamoja na springi, za urefu unaoendana nazo. Hazibebi uzito, zinazuia springi isiendelee kucheza, na kazi hiyo inazipa moto. Kisha wili alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja kabla ya Krismasi. Taa za mbele nazo ziteremshwe, kwa sababu sasa zinawachoma macho wanaokuja.

Na mkiingia hifadhini, gari lililoinuliwa halikupi ruhusa ya kuacha njia. Nyasi zile ni za wanyama.

Safari ya kwanza iwe fupi. Nendeni Ngarenanyuki mrudi siku hiyo hiyo, na baada ya kilomita 50 mkaze tena nati za magurudumu. Mkimaliza kipande kirefu cha barabara mbaya, simameni kivulini, kila mmoja apeleke mkono karibu na shokapu zake nne, taratibu, maana zinaweza kuunguza. Zinazofanya kazi zitakuwa za moto. Ukikuta moja imekaa baridi kati ya wenzake, hiyo imekufa. Endesha polepole hadi nyumbani, na Jumatatu ubadilishe mbili za ekseli hiyo kwa pamoja.